Somo la Viluwiluwi

Mtoto wa Ipyana huwajua viumbe wengi kabla hajaingia shuleni. Lakini akiisha kuketi darasani, huambiwa anakili ubaoni ya kwamba mbu huzaliwa majini. Naye hunakili, kisha hurudi kwao akipita kando ya dimbwi lile lile bila kulitazama. Elimu ya namna hii haimfai kitu. Yafaa dimbwi lenyewe liingie darasani.

Mwalimu na atafute chupa za kioo zenye mdomo mpana, achote maji kwa kata kutoka ukingoni mwa jaruba la mpunga, au katika nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua. Watoto wasiingie majini, maana katika maji yaliyotulia huenda pakawa na konokono wa kichocho.

Hapo lugha yetu yenyewe yatupa swali la kwanza. Neno kiluwiluwi twalitumia kwa mtoto wa chura, na kwa mtoto wa mbu vile vile. Je, ni kiumbe kimoja? Mwalimu asijibu. Amweke wa chura katika chupa moja na wa mbu katika nyingine, afunike kwa kipande cha chandarua, na kila asubuhi watoto wachore wayaonayo na kuandika tarehe. Yule wa chura hupumua kwa matamvua kama samaki, akaota miguu ya nyuma kwanza, na kazi yake huchukua majuma mengi. Wa mbu hupanda juu kuvuta hewa, huvua ngozi mara kwa mara, kisha hukunjamana kama alama ya mkato, asile kitu tena. Baada ya siku 2 au 3 ngozi hupasuka, na mbu hutoka akisimama juu ya maji. Katika joto la Kyela, tangu yai hata mbu ni yapata siku 7 hadi 14 tu.

Watoto watazame pia jinsi alalavyo. Kiluwiluwi wa mbu aletaye malaria, aitwaye anofelesi, hulala sambamba na uso wa maji. Wa kuleksi, apendaye maji machafu, huning'inia kichwa chini. Ni jambo dogo, lakini mtoto aliyeliona kwa macho yake aweza kulipima dimbwi lo lote kijijini. (Yale mawingu ya wadudu yaonekanayo juu ya Ziwa Nyasa kama moshi si mbu hawa, hawanyonyi damu, na watu wa ufukoni huwakamata wakawala.)

Kisha ajaribu kwa chupa nyingine. Matone machache ya mafuta ya taa juu ya maji, na viluwiluwi vya mbu hufa, kwa kuwa njia ya hewa imezibwa. Katika chupa ya pili atie samaki mdogo, watoto wahesabu vimebaki vingapi jioni. Somo hili laeleza zaidi ya kurasa nyingi za kitabu.

Daktari Ronald Ross alipokuwa India mwaka 1897 aliona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu, baada ya kupasua mbu wengi kwa saburi. Naye alitazama tu, tena na tena.

Enyi wazee, msiudhike watoto wakija kuchungulia mitungi na makopo uani. Kyela ni nchi ya bondeni yenye mvua nyingi, na malaria huua watoto wadogo kwanza. Kopo hupinduliwa, wayo wa ng'ombe hufukiwa. Lakini majaruba hayawezi kukaushwa, maana ndiyo chakula chetu. Kwa hiyo mtoto aliyemwona mbu akitoka majini atajua kwa nini chandarua hakina budi kufungwa kila usiku, hata usiku wa joto.

Siku ya mwisho vyura warudishwe walikotoka. Maji ya mbu yamwagwe juu ya mchanga mkavu penye jua, kabla mtu hajafungua kitambaa.