Kwa Nini Matofali Hupasuka Tanurini

Mfyatuaji akifungua tanuri na kukuta matofali yamepasuka, kwanza hulaumu udongo, kisha kuni. Mara nyingi wa kulaumiwa ni maji yaliyobaki ndani ya tofali lililoonekana kavu.

Tofali bichi limejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyounganishwa na vijia vyembamba. Baada ya siku kadhaa za jua uso hukauka, lakini katikati mna unyevu bado. Moto ukiwashwa, maji hayo hupata joto. Katika kona za vitundu hunaswa hewa kidogo, na hapo ndipo kiputo cha mvuke huanzia. Joto la kuta za kitundu hugeuza maji yaliyo kando kuwa mvuke, nacho kiputo huzidi kukua.

Kwenye sufuria, kiputo hupanda juu na kutoweka. Ndani ya tofali hakina pa kwenda. Hujaza kitundu chake, kisha husukuma maji kupitia vile vijia vyembamba. Maji yanayochemka kwenye hewa ya kawaida hutoa mvuke wenye ujazo wa zaidi ya mara 1,600 ya maji yenyewe. Moto ukiwa mdogo, mvuke hupata muda wa kupenya na kutoka. Ukikolezwa ghafla, mvuke huongezeka upesi kuliko unavyotoka, shinikizo hupanda, na tofali hupasuka, pengine kwa kishindo. Kazi ya wiki nzima na kuni zilizonunuliwa hupotea hivyo.

Udongo laini sana huhitaji subira zaidi, kwa kuwa vijia vyake ni vyembamba mno. Uliochanganywa na mchanga hupitisha mvuke kwa urahisi.

Kabla ya kupanga tanuri, vunja tofali moja. Katikati pakiwa na rangi iliyokolea kuliko kando, matofali hayajakauka. Anza na moto mdogo, na usiharakishe. Shika kipande cha chuma baridi kwa koleo juu ya tundu la moshi kwa muda mfupi. Kikitoa jasho, mvuke bado unatoka, hivyo usiongeze kuni. Wanaoishi nyanda za juu wakumbuke kwamba kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwa takriban nyuzi 93, si 100.

Mawe ya mtoni yaliyolowa, yakifanywa mafiga, huweza kupasuka kwa sababu iyo hiyo, na vipande vikaruka hadi machoni. Tumia mawe yaliyokaa pakavu kwa muda mrefu, na watoto wasisogee karibu moto unapowashwa.