Makovu ya Mapafu kwa Wenye Baridi Yabisi



Hapa Parkdale wengi wetu tunaishi kwenye maghorofa ya Jameson Avenue, na lifti, kama mjuavyo, zina siku zake. Mzee akipanda ngazi akahema, tunasema ni umri au ni baridi ya Kanada. Leo nataka kueleza sababu nyingine isiyosemwa sana. Mimi si daktari, fani yangu ni uhandisi. Lakini pafu nalo ni mashine, na mashine hupimwa.

1. Baridi yabisi inafikaje kifuani?

Simaanishi kila maumivu ya magoti. Nazungumzia ile ambayo kinga ya mwili humgeuka mwenyewe: vidole vinavimba, asubuhi mikono imekakamaa. Kinga hiyo hiyo inaweza kushambulia mapafu na kuacha makovu. Walio hatarini zaidi ni wavuta sigara, wanaume na wenye umri mkubwa.

Ukuta kati ya hewa na damu ndani ya pafu ni mwembamba kuliko mikroni moja. Ukuta ukinenepa mara mbili, oksijeni ipitayo hupungua nusu. Hesabu ni hiyo tu. Tena kovu hulifanya pafu kuwa gumu, likakataa kujaa. Dalili zake ni kikohozi kikavu, kuhema ukitembea, na mlio kama wa kubandua Velcro daktari akisikiliza chini ya mgongo.

2. Rula iliyopinda

Spairometa hupima hewa unayopuliza, kisha huilinganisha na kiasi kinachotarajiwa kwa mtu wa umri na kimo chako. Hapo ndipo pana jambo. Mwaka 1851 Samuel Cartwright, daktari wa Marekani aliyetetea utumwa, alidai kuwa mapafu ya watumwa ni dhaifu kwa asili. Fikra hiyo haikufa naye. Kwa miaka mingi programu za spairometa zilipunguza matarajio ya mtu mweusi kwa 10 hadi 15%.

Tufanye hesabu ya mfano. Mama anapuliza lita 2.0. Matarajio yakiwa lita 2.7, amepata 74%, na daktari atataka kuchunguza zaidi. Matarajio yakishushwa hadi lita 2.35, amepata 85%: "Uko salama mama, nenda nyumbani." Mapafu ni yale yale! Mwaka 2023 Jumuiya ya Kifua ya Marekani ilipendekeza fomula moja kwa watu wote. Lakini mashine haijibadilishi yenyewe, kwa hiyo ukipimwa uliza ni fomula gani imetumika.

3. Utafiti umefika wapi?

Mwaka 2018 watafiti walionyesha kuwa badiliko moja kwenye jeni ya MUC5B huongeza uwezekano wa makovu haya kwa wenye baridi yabisi takriban mara 3. Badiliko hilo ni la kawaida kwa watu wa asili ya Ulaya, adimu kwa Waafrika. Basi sisi makovu yetu yanatoka wapi? Swali hilo linangoja watafiti, na pengine mmoja wao anasoma ukurasa huu.

Kuhusu dawa, jaribio la INBUILD la mwaka 2019 lilikuwa na wagonjwa 663 wa makovu ya aina mbalimbali yanayoendelea kukua. Waliotumia nintedanibu walipoteza wastani wa mililita 81 za pumzi kwa mwaka, wengine 188. Dawa hupunguza mwendo, haifuti kovu. Likizidi sana hubaki kupandikiza pafu, kazi iliyofanikiwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Toronto General mwaka 1983, kwa mgonjwa mwenye makovu ya mapafu.

4. Tufanye nini?

Nyumbani kikohozi kirefu ni TB kwanza, na kupima TB ni sawa kabisa. Lakini kama makohozi hayana TB na mgonjwa ana baridi yabisi, msiishie hapo. Ombeni spairometa, na ikiwezekana CT ya kifua. Sigara iachwe. Methotreksati isiachwe kwa maneno ya mtaani, kwani tafiti za karibuni hazionyeshi kuwa ndiyo inayoleta makovu haya, ingawa kwa wachache huwasha mapafu ghafla. Akiona kuhema kumezidi, amwone daktari upesi.

Kwa hiyo wikiendi hii ukipiga simu nyumbani, usiulize magoti tu. Uliza na pumzi.

Naomba kutoa hoja.