Kutenga si Kufifisha: Istilahi za Mtetemo kutoka Uzi wa Obokano hadi Kioo cha Leza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza jambo moja gumu la fizikia, yaani kutuliza mitetemo ya vioo vinavyoning'inizwa katika interferometa ya leza. Hoja kuu ni kwamba kitenzi kuzuia, ambacho wengi wetu hukikimbilia, hufunika vitendo viwili vinavyotofautiana: kutenga mtetemo na kufifisha mtetemo. Asiyetofautisha vitendo hivi hawezi kutambua hitilafu, sembuse kuitengeneza. Mifano imetolewa katika mazingira ya Kisii na Nyamira kabla ya kuingia katika maabara ya kisasa.

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, neno kuzuia linatutosha. Tunazuia mlango usibamizwe na upepo, tunazuia ng'ombe asiingie shambani, tunazuia maji yasimomonyoe udongo. Msikilizaji haulizi tumezuia kwa njia gani, kwa kuwa muktadha humweleza. Sayansi, kwa upande wake, huuliza njia kwanza.

Mwanafunzi wa Kisii au Nyamira aliyepitia shule zetu hujifunza fizikia kwa Kiingereza, huzungumza Ekegusii nyumbani, na Kiswahili hukisoma kama somo. Anapotakiwa kueleza kwa Kiswahili jambo alilofundishwa kwa Kiingereza, huchukua neno lililo karibu naye na kuendelea. Matokeo yake ni sentensi fasaha isiyo na maana kamili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha rasmi haina budi kuweza kuandika ripoti ya fundi, na ripoti hiyo isomwe na fundi mwingine naye ajue afungue parafujo ipi.

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi haianzi leo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Linalohitajika sasa, pamoja na kamusi, ni mazoea ya kuzitumia istilahi katika maelezo marefu, kwani hapo ndipo udhaifu wa istilahi hujitokeza.

2.0 Obokano kama maabara

Obokano ni ala ya nyuzi 8 ya Abagusii, ya ukoo mmoja na nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu. Ina bakuli kubwa lililowambwa ngozi, na sauti yake ni nzito yenye mvumo. Tuichunguze kwa macho ya mwanafizikia.

Mpigaji akikwanyua uzi mmoja na kuuacha, uzi hutetema kisha hunyamaza polepole. Haukunyamazishwa na mtu. Nishati yake imepita kwenye ngozi, ikaingia hewani kama sauti, na sehemu nyingine ikageuka joto ndani ya uzi na ndani ya mti. Kitendo hiki tukiite kufifia. Mpigaji akiugusa uzi kwa kidole kabla haujanyamaza, mtetemo hufa mara moja, kwa sababu nyama laini ya kidole huila nishati ile. Kitendo hiki tukiite kufifisha.

Sasa tuseme obokano imewekwa juu ya meza, na mtu anagonga meza hiyo. Nyuzi zitalia kidogo ingawa hazikuguswa. Tukikunja blanketi na kuiweka ala juu yake, nyuzi hazitalia tena kama awali, maana mgongo mwingi haukufika kwenye ala. Kitendo hiki ndicho kutenga.

Tofauti iko wazi. Kufifisha hushughulikia mtetemo ambao umekwisha kuingia. Kutenga hushughulikia mtetemo ambao haujaingia. Kidole hakiwezi kufanya kazi ya blanketi, wala blanketi haliwezi kufanya kazi ya kidole.

3.0 Timazi la jiwe la Tabaka

Jaribio la pili linahitaji kipande cha jiwe la sabuni kutoka Tabaka, uzi imara, beseni na uji mzito. Funga jiwe kwenye uzi wenye urefu wa mita 1, nawe ushike ncha ya juu. Umepata timazi, sawa na lile la mwashi. Likibembea, litakwenda na kurudi mara moja kwa takriban sekunde 2. Idadi ya marudio kwa sekunde hupimwa kwa hezi, na kwa hiyo marudio ya asili ya timazi hili ni karibu hezi 0.5.

Sogeza mkono kushoto na kulia polepole sana: jiwe litaufuata mkono. Sogeza kwa mwendo unaolandana na marudio ya asili: jiwe litabembea kwa nguvu kupita mkono wenyewe. Sogeza haraka haraka: jiwe litakaribia kutulia ilhali mkono unatikisika. Kwa hiyo timazi ni kitengaji kizuri cha mitetemo ya haraka, ni kitengaji kisichofaa kwa mitetemo ya polepole, na ni hatari pale marudio yanapolandana. Juu ya marudio ya asili, mtetemo unaopita hupungua kwa kipeo cha pili cha uwiano wa marudio. Mtetemo wa hezi 10 ni mara 20 ya hezi 0.5. Basi unaolifikia jiwe ni takriban sehemu 1 ya 400.

Ili kuondoa hatari ya kulandana, fungia mwiko mdogo chini ya jiwe, uchovye katika beseni la uji. Bembea litafifia upesi. Hapa mwanafunzi hudhani ameshinda. Lakini na atikise beseni: uji utausukuma mwiko, na mwiko utalisukuma jiwe. Kifaa kilicholetwa ili kufifisha kimegeuka daraja la kupitishia mtetemo wa sakafu. Kufifisha kumegharimu kutenga. Mvutano huu kati ya vitendo viwili ndio kiini cha somo letu, na neno kuzuia peke yake haliwezi kuuonyesha.

4.0 Kioo kinachoning'inia

Interferometa hugawa mwali mmoja wa leza kuwa miwili, ikaituma katika mikono miwili yenye vioo mwishoni, kisha ikaikutanisha tena. Urefu wa mkono mmoja ukibadilika hata kidogo sana, mawimbi ya mwanga hayakutani kama awali, na badiliko hilo huonekana. Ala hii imesumbuliwa na mitetemo tangu ilipozaliwa. Albert Michelson aliihamisha kutoka Berlin hadi Potsdam mwaka 1881 kwa sababu mitetemo ya mjini ilivuruga vipimo. Mwaka 1887, huko Cleveland, yeye na Edward Morley waliiweka juu ya bamba la jiwe lililoelea katika zebaki.

Mfano mkubwa wa zama zetu ni LIGO, yenye vituo viwili nchini Marekani, Hanford na Livingston, kila kimoja kikiwa na mikono ya kilomita 4. Tarehe 14 Septemba 2015 vituo hivyo vilinasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya mvutano, yaliyotokana na mashimo meusi mawili yaliyoungana. Badiliko la urefu wa mkono lilikuwa dogo kuliko sehemu 1 ya 100 ya upana wa protoni. Hatua za mtu apitaye karibu, gari la barabarani na mawimbi ya bahari ya mbali, vyote hutikisa ardhi kupita kiasi hicho mara nyingi mno.

Kwa hiyo kila kioo kikuu, chenye uzito wa kilo 40, huning'inia mwishoni mwa mnyororo wa matimazi 4. Kila hatua hutenga kwa kipeo cha pili. Hatua 4 hutenga kwa kipeo cha nane. Sprini za chuma zilizopindwa hutenga mtetemo wa juu na chini. Kufifisha nako hufanywa kwenye tungamo la juu kabisa la mnyororo. Hapo vihisi hutazama mwendo, na koili za umeme huzisukuma sumaku kinyume cha mwendo huo. Tungamo hilo huangaliwa katika mienendo 6: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na mizunguko katika mihimili 3.

Kwa nini wasifishe mtetemo papo hapo kwenye kioo? Jibu tumeliona katika beseni la uji. Vihisi vina kelele zake ndogo, na msukumo wa koili hubeba kelele hizo. Zikiingizwa juu, hatua 3 zilizo chini huzitenga kabla hazijafika kwenye kioo. Zikiingizwa kwenye kioo, hakuna cha kuzitenga.

Ipo sababu ya pili, yenye kina zaidi. Njia ambayo mtetemo huipitia ili kugeuka joto ndiyo hiyo hiyo ambayo joto huipitia ili kugeuka mtetemo mdogo wa kubahatisha. Msuguano ukiwa mwingi karibu na kioo, mtikisiko wa joto nao huwa mwingi katika marudio yanayopimwa. Ndiyo maana kioo huning'inizwa kwa nyuzi nyembamba za silika, zenye unene wa takriban milimita 0.4, ambazo karibu hazina msuguano. Zikisukwasukwa, nyuzi hizo hulia kwa karibu hezi 500, kama uzi wa ala, na mlio huo huweza kuchukua siku kadhaa kufifia. Mpigaji wa obokano angeshangaa kusikia uzi wa namna hiyo. Mhandisi huuacha hivyo kwa makusudi, na mlio ukizidi, huupunguza taratibu kwa misukumo ya umeme iliyopimwa vyema.

5.0 Kutambua hitilafu

Tuseme kioo hakitulii. Fundi hufuata maswali yafuatayo kwa mpangilio, akibadilisha jambo moja tu kwa wakati na kuandika matokeo.

(a) Je, bembea linafifia kwa kasi iliyotarajiwa? Tungamo la juu husukumwa kidogo, kisha mabembeo huhesabiwa hadi ukubwa wake ushuke kufikia takriban theluthi moja. Idadi ikizidi iliyokusudiwa, kufifisha ni dhaifu: huenda kihisi kimepungukiwa na mwanga au koili imekatika.

(b) Je, bembea linakua badala ya kufifia? Hapo msukumo unakwenda pamoja na mwendo badala ya kuupinga, kama anayesukuma bembea la mtoto kila linapoondoka. Kosa la ishara katika saketi au kuchelewa kwa mrejesho hutosha kuleta balaa hili.

(c) Je, marudio ya asili yamehama? Kando ya vioo huwekwa vizuizi vya kukinga kioo wakati wa tetemeko la ardhi. Kioo kikigusa kizuizi, au waya ukikaza mahali, mnyororo si ule uliosanifiwa. Hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayoponya mguso. Sharti uondolewe.

(d) Je, bembea limetulia, lakini kelele ya kipimo imepanda? Basi kufifisha kumezidi. Mrejesho una nguvu kupita haja, nao unaingiza kelele za vihisi. Dawa ni kuupunguza au kuuchuja.

(e) Je, kioo kinatetema kwa marudio yale yale ya pampu au feni iliyo karibu? Hapa kufifisha hakuna hatia. Kutenga ndiko kulikovunjika: pengine waya mgumu umekuwa daraja kati ya fremu na mnyororo. Kuongeza kufifisha kutaharibu zaidi.

Tazama, msomaji, kwamba (a) na (d) zina tiba zinazopingana, na kwamba tiba ya (a) ikitumiwa kwa (e) huongeza ugonjwa. Ripoti inayosema "mtetemo haujazuiwa" inaafiki zote tano, na kwa hiyo haisemi lolote.

6.0 Pendekezo la istilahi

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza seti ndogo inayotegemea mizizi iliyopo na unyambulishaji wa kawaida. Kutenga mtetemo huzaa utengaji na kitengaji. Kufifia ni kitendo cha mtetemo wenyewe, nako hakuhitaji mtendaji. Kufifisha huongeza mtendaji, na huzaa ufifishaji na kifishaji, au kififishaji kwa anayetaka mzizi uonekane wote. Sisi tunakipendelea hiki cha pili ili kisichanganywe na kitenzi fisha chenye maana ya kuua. Kwa sababu hiyo hiyo, sentensi yetu ya sehemu ya 4.0 iliyouliza "kwa nini wasifishe" inafaa kusahihishwa na mwanafunzi kuwa "kwa nini wasiufifishe". Kuzuia libaki kwa maana ya jumla, pale mwandishi anapotaja lengo bila kutaja njia.

Faida ya seti hii ni kwamba sarufi inafanya kazi ya fizikia. Jozi ya fifia na fifisha, kwa kiambishi kimoja tu, inatenganisha mtetemo unaokufa wenyewe na ule unaouliwa na kifaa.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba ugumu wa kueleza sayansi kwa Kiswahili hautokani na uhaba wa maneno. Kutenga, kufifia, bembea na timazi tulikuwa nayo tangu zamani. Ugumu hutokana na kuridhika na neno la kwanza lijalo kinywani. Mwanaisimu anayeingia maabara hana budi kuuliza swali la fundi: kitendo hiki kinafanyika wapi, kwa njia gani, na kwa gharama ya nini? Akishapata jibu, neno halitakuwa mbali.

Mazoezi

1. Fanya jaribio la timazi kwa uzi wa sentimita 25. Onyesha kwamba bembea moja huchukua takriban sekunde 1, kisha eleza kama timazi hilo ni kitengaji bora au duni kuliko lile la mita 1.

2. Mhoji mpigaji wa obokano kuhusu maneno ya Ekegusii anayotumia kwa uzi unaonyamaza wenyewe na uzi unaonyamazishwa kwa kidole. Je, Ekegusii hutumia mzizi mmoja au miwili?

3. Andika ripoti ya fundi ya aya moja kuhusu hitilafu (e) bila kutumia kitenzi kuzuia.