Migongano ya Vifurushi vya Programu: Somo la Mantiki

Mtu atumiaye kompyuta yenye mfumo wa Linux huweza kukutana na jambo la kushangaza. Aomba programu moja iwekwe, nayo kompyuta yakataa, ikieleza kwamba programu hiyo yategemea kitu kisichoweza kuwekwa. Wengi hudhani kuwa kompyuta imeharibika. Sivyo. Kukataa huko ni jibu la hesabu, na hesabu yenyewe yaweza kufahamika na mwanafunzi wa sekondari.

Mfumo wa Unix ulianza kuundwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie nchini Marekani. Desturi yake ni kutumia programu ndogo ndogo zinazosaidiana. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, yafuata desturi hiyo. Katika Debian, ambayo ni Linux iliyoanza kukusanywa mwaka 1993, programu hutolewa kwa vifurushi. Kila kifurushi kina hati inayotaja jina lake, namba ya toleo lake, vifurushi kinavyovitegemea, na vile kisivyopatana navyo. Kazi zinazohitajiwa na programu nyingi huwekwa katika maktaba moja ya pamoja, ili kila programu isibebe nakala yake. Faida ni kubwa, lakini hapo hapo ndipo mgongano huzaliwa.

Tuchukue mfano. Kifurushi A chahitaji maktaba L ambayo toleo lake, x, si chini ya 2. Kifurushi B chataka x iwe chini ya 3. Tukichora mstari wa namba, tutaona kwamba toleo lolote kuanzia 2 hadi kabla ya 3 litawaridhisha wote wawili. Lakini ikiwa B yataka x iwe chini ya 2, hakuna namba inayotimiza masharti yote mawili. Seti ya majibu ni tupu. Ikiwa L haiwezi kuwekwa kwa matoleo mawili pamoja, basi A na B haziwezi kukaa katika kompyuta moja, hadi mojawapo ibadilishwe kwa toleo lenye masharti mengine.

Vifurushi viwili ni rahisi. Lakini vikiwa 30, na kila kimoja chaweza kuwekwa au kuachwa, mipango inayowezekana ni 2 kwa kipeo cha 30, yaani 1,073,741,824. Ndiyo sababu kazi hii yaachiwa programu maalumu, kama vile APT, iliyoingia rasmi katika Debian mwaka 1999.

Inapokataa, tufuate utaratibu huu:

1. Amri `apt-get update` husasisha orodha ya vifurushi vilivyomo ghalani.
2. Amri `apt-cache policy`, ikifuatwa na jina la kifurushi, huonyesha toleo lililopo, lile linalopendekezwa, na ghala linakotoka. Mara nyingi chanzo cha mgongano ni kuchanganya maghala yasiyolingana.
3. Amri `apt-mark showhold` hutaja vifurushi vilivyozuiwa visibadilike.
4. Amri `apt-get -s install` huonyesha yatakayotokea, pasipo kubadili chochote.

Hatua ya nne isidharauliwe. Mwaka 2021 mtangazaji mmoja wa Kanada alijaribu kuweka programu ya michezo, Steam, katika Pop!_OS, mfumo wa ukoo wa Debian. Kwa ajili ya mgongano, APT ilipendekeza kuondoa vifurushi muhimu, ikaonya, ikamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali. Aliiandika, akabaki na kioo chenye maandishi matupu, madirisha yote yametoweka. Mashine ilitii. Kusoma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kukubali ni wajibu wa mtumiaji.

Zoezi

Maktaba L ina matoleo 1, 2, 3, 4 na 5, na moja tu ndilo liwezalo kuwekwa. P yataka toleo lisiwe chini ya 2. Q yataka liwe chini ya 4. R haipatani na toleo la 3.

(a) Ni toleo lipi liwafaalo wote?
(b) S ikiongezwa, nayo yataka toleo lisiwe chini ya 3, eleza kwa nini hakuna jibu.
(c) Katika hali ya (b), ni kifurushi kipi ambacho kukiondoa peke yake hakusaidii?

Majibu: (a) 2. (b) Q na S zaacha 3 tu, nayo yakataliwa na R. (c) P.