Blanketi Pana Kwenye Kitanda Chembamba

Swali: Kitanda changu cha kufumia kina upana wa sentimita 60 na fremu 4. Naweza kufuma blanketi la karibu mara mbili ya upana huo bila kuunga vipande?

Jibu: Unaweza, kwa kufuma matabaka mawili yaliyoungana ukingo mmoja. Fremu 2 zibebe mtande wa juu, 2 wa chini. Pitisha mshindio juu kutoka kulia kwenda kushoto, urudi chini, kisha chini tena, umalizie juu. Kushoto panabaki mkunjo, kulia pako wazi. Unapofuma chini, inua mtande wote wa juu. Linaloamua yote ni msongamano: tabaka moja likihitaji nyuzi 6 kwa sentimita, tanda 12, la sivyo blanketi litalegea kama chandarua.

Wapo wanaopinga wakisema mkunjo huacha mstari katikati. Ni kweli, lakini chanzo ni mshindio unaovuta nyuzi za ukingoni zikabanana. Punguza nyuzi chache hapo, na usikaze unapogeuka. Mshono, kwa maoni yangu, huacha kovu baya zaidi. Wala usidhani unahitaji mtambo wa gharama: wafumaji wa Andes, Peru, walifuma vitambaa vya matabaka mawili kabla Wahispania hawajafika, kwa vitanda vya kufungwa kiunoni. Jaribu kwanza kipande kidogo, kila tabaka na rangi yake, ili uzi ulionasa tabaka lisilo lake uonekane mapema.