Kutoka Mkula hadi maabara ya nano: vidokezo kwa anayetaka kuomba nafasi

Binti wa jirani yetu hapa Mkula amemaliza shahada ya kemia. Majuzi alikuja na simu mkononi, tangazo limefunguliwa. "Shikamoo mjomba. Wanataka msaidizi wa utafiti kwenye maabara ya nano. Niandike nini?" Tukavuta viti chini ya mwembe, na tulipoinuka giza lilikuwa limeshaingia. Haya ndiyo tuliyozungumza. Nimeyapanga kidogo tu, yakufae na wewe uliye Bariadi, Nyashimo au Maswa.

1. Elewa unachokwenda kukishika

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wako una unene wa nanomita kama 80,000 hadi 100,000. Kitu kikifikia udogo wa kati ya nanomita 1 na 100, tabia zake huanza kubadilika. Dhahabu ile ile tunayoijua, ikiwa chembe za nanomita 20 hivi ndani ya maji, huonekana nyekundu kama juisi ya rozela. Michael Faraday alikwisha kuuchunguza wekundu huo mwaka 1857, kabla hata neno nanoteknolojia halijazaliwa.

Jambo kubwa zaidi ni eneo la uso. Gramu moja ya silika yenye vitundu vya kiasi cha nano inaweza kuwa na uso wa mita za mraba mia kadhaa, karibu kiwanja kizima cha netiboli, kwa unga unaoenea kwenye kijiko cha chai. Uso huo ndio unaonasa uchafu wa maji.

Nilimwomba binti amweleze mama yangu jambo hilo kwa Kisukuma. Alihangaika kidogo, kisha akaiona michembe iliyoanikwa uani. Akamwambia: kiazi kizima hakikauki upesi, ila ukikikata vipande vyembamba, jua linapata pa kushika. Ndivyo na chembe hizi, kadiri zinavyokuwa ndogo ndivyo zinavyokuwa na pa kushikia zaidi. Mama akaelewa palepale. Nenda kwenye usaili na michembe yako.

2. Jua ni nafasi ipi hasa

Watu husema "nimeomba nano" kana kwamba ni mlango mmoja. Iko milango minne. Upo wa fundi sanifu wa maabara, ambao hata aliyeishia kidato cha nne na kufaulu sayansi anaweza kuufikia kwa stashahada. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ina idara ya sayansi na teknolojia ya maabara. Upo wa msaidizi wa utafiti, ambaye huajiriwa kwa mkataba wa mradi, na mradi ukiisha naye humaliza. Upo wa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu. Na upo wa mwanataaluma mwajiriwa, anayeanzia ngazi ya mkufunzi msaidizi.

Hapa wengi hujikatia tamaa bure. Kuajiriwa mkufunzi msaidizi katika chuo kikuu cha umma hutaka wastani wa angalau 3.8 katika shahada ya kwanza. Kijana mwenye 3.2 husoma tangazo hilo, akakunja karatasi na kurudi shambani. Lakini kusoma uzamili, ambako ndiko utafiti unakoanzia, kiwango cha kawaida ni 2.7. Mwenye 3.2 mlango wake upo wazi. Aache tu kugonga usio wake.

3. Tafuta mtu kabla ya kutafuta tangazo

Maabara ni watu. Tangazo hutoka siku mbili likapotea, msimamizi yupo mwaka mzima. Soma alichochapisha, hata muhtasari tu, ujue anahangaika na nini.

Kwa Tanzania, anzia Tengeru, Arusha, kwenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Pale hakuna shahada ya kwanza, ni uzamili na uzamivu, na maji na nishati ni miongoni mwa mambo wanayoyafanyia kazi. Ndiko alikofundisha Dkt. Askwar Hilonga, aliyezaliwa kijiji cha Gongali, Karatu, akasomea uzamivu wake Korea Kusini na kurudi nyumbani na swali la maji. Aliunganisha mchanga wa kuchujia, ule wa siku zote, na chembe za nano zinazopangwa kulingana na uchafu wa mahali husika. Mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kilipotoa kwa mara ya kwanza tuzo yake ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika, mshindi alikuwa yeye, na zawadi ilikuwa pauni 25,000. Kampuni aliyoianzisha aliipa jina la kijiji chake, Gongali Model. Mimi hupenda kulitaja jina hilo mbele ya vijana wanaoficha kwamba wametoka Mkula.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho, kwenye idara ya fizikia, kwa miaka mingi kimeshughulika na tabaka nyembamba za kunasa nishati ya jua. Ukitaka kuvuka mpaka, iThemba LABS karibu na Cape Town ina kiti cha UNESCO cha sayansi ya nano kwa ajili ya Afrika.

4. Peleka swali lako

Hiki ndicho kidokezo kilichonifanya niandike makala haya. Ukikosa muda, soma hiki tu.

Barua yangu ya kwanza ya kuomba nafasi, miaka hiyo, ilianza hivi: nanoteknolojia ni sayansi ya siku zijazo na mimi nina hamu kubwa ya kujifunza. Sikujibiwa. Nikaituma kwa wasimamizi wengine wanne nikibadilisha majina tu, na mahali pamoja nikasahau hata kulibadilisha jina. Kimya. Kisha nikakumbuka likizo zangu Meatu kwa bibi. Watoto wa kule walicheka wameziba midomo kwa viganja, kwa sababu meno yao yalikuwa na madoa ya kahawia. Ilikuwa floraidi ya kisimani. Barua ya sita nilianzia hapo: Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, nami nataka kujua ni kitu gani cha bei rahisi, kinachopatikana Simiyu, kinachoweza kuishusha hadi hapo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili.

Sikuwa nimepata akili mpya kati ya barua ya tano na ya sita. Nilikuwa nimepeleka kitu ambacho msimamizi hakuwa nacho.

Na wewe unacho. Tazama mashine ya kukoboa mpunga: lile lundo la pumba nyuma yake likichomwa vizuri hutoa majivu ambayo sehemu yake kubwa ni silika. Tazama miti ya pamba inayong'olewa na kuchomwa kila baada ya mavuno ili kuua wadudu. Ina selulosi, na selulosi hutengenezwa nyuzi za nano. Tazama maji ya ziwa tunayoyachota hapa, yanavyobadilika rangi masika na kiangazi. Kwenye maabara nyingi za dunia mtu hununua malighafi kwenye chupa yenye lebo. Wewe umekulia juu yake, unajua msimu wake, unajua nani anayo na anaitupa wapi. Andika hivyo.

5. Barua iwe fupi

Ukurasa mmoja. Aya ya kwanza swali lako, ya pili ulichokwisha kufanya, ya tatu kwa nini maabara ile na si nyingine, ukitaja kazi yao moja uliyoisoma kweli. Barua nyingi za aina hii huandikwa kwa Kiingereza, nawe andika hivyo, ila fikiri kwanza kwa lugha unayoiotea ndoto. Mtaje msimamizi kwa cheo na jina lake la ukoo. Usimtumie salamu ya mkato kama rafiki wa kijiweni. Viambatisho vipe majina yanayosomeka: jina lako, kisha "wasifu" au "transkripti", si ile mistari ya tarakimu inayotoka kwenye skana ya steshenari.

6. Majina yako yafanane

Usukumani hili ni gonjwa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'wandu, cha kidato cha nne Mwandu, NIDA imeandika jina la babu mwanzoni. Mfumo wa maombi ya ajira serikalini unataka namba ya NIDA na vyeti, na majina yasipolingana unakwama. Panga vyeti vyote mezani leo, usome herufi moja moja. Kukiwa na tofauti, muone wakili upate hati ya kiapo au, ikibidi, ya kubadili jina. Hiyo haifanyiki jioni ya siku ya mwisho, hasa huko vijijini ambako wakili yupo mjini na bando limeisha.

7. Wadhamini waambie mapema

Mwalimu aliyekusimamia mradi wa mwaka wa tatu ana wanafunzi wengi. Mkumbushe kwa simu, kwa adabu, ulifanya nini na ulikosea wapi ukarekebisha. Mpe wiki tatu. Akishaandika, mpelekee shukrani hata kabla hujajua matokeo.

8. Fedha

Uliza wazi, mwanzoni kabisa: nafasi hii ina posho? Ada nani analipa? Kemikali je? Kuna nafasi inayokuja na kiti na jina tu, ukafika Arusha kwa basi la kupitia Singida na kukuta sampuli unajilipia mwenyewe.

Ufadhili upo. DAAD ya Ujerumani hugharimia masomo ya juu ndani ya vyuo vya Afrika. OWSD, yenye makao yake Trieste, Italia, hulipia uzamivu wa wanawake wanasayansi kutoka nchi zinazoendelea. Miradi ya maabara zenyewe nayo huwa na bajeti ya wanafunzi, na hiyo mara nyingi haitangazwi, huijua aliyeuliza.

Kisha hili, tafadhali. Ada halali ya chuo cha umma hulipwa kwa kontrolo namba. Mtu akikupa namba yake ya simu ili "akuwekee nafasi," hana nafasi. Mzazi asiuze ng'ombe kwa ajili ya mtu huyo.

9. Binti, usijipunguze

Binti wa jirani aliniuliza kwa sauti ya chini kama maabara hizi zina wanawake. Nikamtajia Tebello Nyokong wa Lesotho, aliyezaliwa mwaka 1951. Utotoni alichunga kondoo milimani, siku moja malishoni, siku moja shuleni. Sekondari alianza na masomo ya sanaa, akahamia sayansi ikiwa imebaki miaka miwili tu. Akaja kuwa profesa wa kemia Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, aliyejenga pale kituo cha nanoteknolojia, akitafiti rangi za samawati kama za jinzi ambazo zikimulikwa kwa mwanga wa leza zinaweza kushambulia uvimbe wa saratani. Mwaka 2009 alipata tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi.

Hapa kwetu nani hajachunga?

10. Kwenye usaili

Chukua daftari lako la maabara, lile lenye madoa. Kurasa za majaribio yaliyoshindikana usizifiche. Zinaonyesha kwamba unaandika kinachotokea, na siyo ulichotamani kitokee. Kazi ya nano ni kurudia: sampuli ile ile mara kumi na tano, joto likipanda nyuzi hamsini tu, matokeo mengine. Msimamizi anatafuta mtu wa kuyavumilia hayo.

Wakikuuliza kuhusu usalama, jibu kwa uzito. Unga mwepesi kiasi hicho hupeperuka na kuingia mapafuni, kwa hiyo vaa barakoa inayofaa na glavu, na kazi ya unga mkavu ifanyike ndani ya kabati la kunyonya hewa.

Nawe uliza. Swali langu moja ninalolipendekeza: hadubini ya elektroni ipo hapa, au sampuli zinapelekwa nje? Maabara nyingi za ukanda wetu huzituma mbali, na majibu huchukua miezi. Siyo sababu ya kukataa nafasi. Ni sababu ya kupanga muda wako kwa akili, na anayekusaili ataona kwamba umewahi kufikiria kazi yenyewe.

11. Wakati unasubiri

Kusubiri kunaweza kuchukua msimu mzima wa pamba. Chukua ndoo tatu, mchanga uliooshwa, kokoto na mkaa uliopondwa. Chuja maji ya ziwa kila Jumamosi. Pima lita moja inapita kwa dakika ngapi, mimina kwenye glasi, iweke juu ya karatasi iliyoandikwa, uone kama herufi zinasomeka. Andika tarehe na kama mvua ilinyesha. Maji hayo usiyanywe bila kuyachemsha. Hilo ni jaribio, bado si chujio.

Binti amekwisha kuanza. Barua yake aliituma Jumatatu kutoka steshenari ya Lamadi, na aya ya pili ina Jumamosi nne za vipimo ndani yake.