Hesabu ya Kumchagua Mjenzi

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo la hesabu. Nimechagua hesabu isiyomo katika vitabu vya darasani, nayo ni ya kumchagua mtu wa kutujengea nyumba. Wazazi walio katika Bodi ya Shule na kamati za ujenzi huenda ikawafaa hata kuliko watoto wao.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana katika shule nyingine, nilikuwa katibu wa kamati iliyojenga vyumba viwili vya madarasa. Niliambiwa niandike masharti ya kazi, yaani maelezo ya mambo anayopaswa mkandarasi kuyatimiza. Sikujua nianzie wapi, basi nikanakili masharti ya zahanati iliyojengwa wilaya nyingine. Yalijaa kurasa 38. Yalitaka mchanga wa mto ulio mbali nasi, na mbao za mti usioota kwetu, na hata vitasa vya namna fulani. Mafundi wazuri wa pale mjini waliposoma, walirudisha karatasi wakaenda zao. Zabuni zilizokuja ni mbili tu, tukampa mwenye bei ya chini. Barua ya kumpa kazi niliiandika mimi.

Masika ya kwanza paa lilivuja. Zahanati ile iliezekwa vigae. Mimi nilifuta neno vigae nikaandika bati, nikasahau kutaja unene wake. Mkandarasi akaezeka geji 30, ambayo ni nyembamba kuliko geji 28. (Namba ya geji ikipanda, bati hupungua unene. Wengi hudhani kinyume.) Sakafu nayo ilipasuka, kwa kuwa zege halikumwagiwa maji siku saba kama ipasavyo. Kidato cha Kwanza kilisoma chini ya mwembe muhula mzima, na siku za mvua hakikusoma kabisa.

Tangu hapo nimejifunza kuandika masharti mafupi. Andika nyumba itakavyotumika, na namna utakavyoipima kazi kabla ya kulipa. Mengine mwachie fundi. Kwa mfano, usimwambie achote mchanga mto gani, mwambie uwe safi. Kuupima ni rahisi: tia mchanga katika chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, kisha iache saa chache. Udongo utatua juu ya mchanga, na tabaka hilo likiwa nene, mchanga urudishwe. Lakini ufupi usiwe ukimya. Geji ya bati, mchanganyo wa zege na siku za kulimwagia maji ni lazima viandikwe.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme wako wajenzi watatu. A anataka shilingi milioni 20, B milioni 25, C milioni 32. Kamati imekwenda kutazama nyumba walizokwisha kujenga, na kuuliza kama wanalipa vibarua wao, kisha imewapa alama za kazi katika 100: A 45, B 85, C 90. Imekubaliwa kuwa kazi ina uzito wa 60 na bei 40. Alama za bei hupatikana kwa kugawanya bei ya chini kabisa kwa bei ya kila mmoja, kisha kuzidisha kwa 40. Hivyo A anapata 40, B 32, C 25. Alama za kazi zinakuwa 27, 51 na 54. Jumla ni A 67, B 83, C 79. B ndiye mjenzi wetu, ingawa si wa bei ya chini wala si hodari kuliko wote.

Mwaka 2021 njia nyingine ilitumika nchini. Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, na kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20. Kazi ilikwenda kwa fosi akaunti, ambapo shule hununua vifaa yenyewe na kumlipa fundi ufundi wake. Bei ikiwa imekwisha kujulikana, swali linalobaki ni hili: kwa fedha hizo tutapata chumba cha namna gani? Mimi naipenda njia hiyo, ila shule ikinunua saruji iliyoganda haina wa kumlaumu.

Jambo moja wazazi walikazie macho. Uzito wa bei na wa kazi utangazwe kabla zabuni hazijafunguliwa. Katika mfano wetu, bei ikipewa 70 na kazi 30, A anashinda kwa alama 83.5 dhidi ya 81.5 za B, bila mtu kubadili bei yake hata senti. Mwenye kuchagua uzito baada ya kuona zabuni anamchagua mshindi amtakaye.

Kidato cha Tatu na cha Nne, tafuteni uzito wa bei ambapo A na B wanalingana. Nileteeni majibu, pamoja na njia, kabla ya kufunga shule.